Sakafu si paa, daka si sebule: Msamiati wa nyumba unavyotuponyoka

Kila mara jengo la ghorofa linapoporomoka nchini, taarifa zinazofika kwenye meza ya uhariri hulibebesha neno moja, 'paa', mzigo wa maneno matatu. Utasoma kuwa paa liliwaangukia wapangaji waliokuwa usingizini. Kwamba wengine walinaswa chini ya paa. Kwamba waokoaji walilazimika kutoboa paa usiku kucha. Msomaji makini atajiuliza: je, jengo la ghorofa sita lina mapaa mangapi?

Kilichomwangukia mtu wa ghorofa ya pili si paa. Ni sakafu ya ghorofa ya tatu, ambayo kwake yeye aliyelala chini yake ilikuwa dari. Tofauti hii haihusu urembo wa lugha. Paa likiezuliwa na upepo, lawama huwa ya upepo na pengine ya misumari. Sakafu ya zege ikikatika, lazima iulizwe nguzo zilikuwa na unene gani, chuma kilitiwa kiasi gani, saruji ilichanganywa vipi na ni nani aliyetia sahihi kuruhusu watu kuhamia. Jengo lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua zaidi ya watu 40, lilizusha maswali ya aina hiyo. Mwandishi anayeweka 'paa' pahali pa 'sakafu' humpokonya msomaji nyenzo ya kuyauliza.

Ni rahisi kudai kwamba Kiswahili kimepungukiwa na msamiati wa ujenzi. Dai hilo husikika sana, hata kutoka kwa watu waliobobea katika fani nyingine, na halina msingi. Watu wa pwani walijenga nyumba za mawe karne nyingi kabla ya Nairobi kuwa mji, na kila jiwe, mti na pembe ilikuwa na jina lake. Tatizo ni kwamba majina hayo yana mantiki ambayo sisi tuliokulia katika nyumba za kupanga hatukuirithi. Katika Kiswahili, jina la sehemu ya nyumba aghalabu hutegemea mahali aliposimama mtu: yu chini au yu juu, yu nje au yu ndani, ni mgeni au ni mwenyeji. Anayetafuta neno moja la kufasiri neno moja la Kiingereza atakosa, kisha atasema lugha ni maskini.

Tuanze na hayo matatu. Paa ni kifuniko cha juu kabisa cha nyumba, na kwa kawaida kimeinama ili maji ya mvua yateremke. Dari ni kile unachokiona ukiinua macho ukiwa chumbani. Sakafu ni kile unachokikanyaga, maadamu kimetengenezwa kwa mawe, chokaa au zege. Njia nyepesi ya kuyatofautisha ni kutazama vitenzi vyake. Paa huezekwa na huezuliwa. Dari hupigwa. Sakafu hupigiliwa, na siku hizi humiminwa. Hakuna fundi aliyewahi kuezeka sakafu.

Neno 'sakafu' lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Tumelipata kutoka Kiarabu, na huko 'saqf' ni paa au dari, kitu cha juu ya kichwa. Lilipofika kwetu likateremka hadi nyayoni. Waliolichukua hawakuwa wamekosea. Katika nyumba ya mawe ya pwani, kile kilichomfunika aliye chini ndicho kilichokanyagwa na aliye juu, na pale ambapo hapakuwa na ghorofa nyingine, kilibaki wazi kikapigwa na jua, watu wakipanda jioni kupunga upepo. Kamusi za kale zilitambua maana zote mbili, ya chini na ya juu. Sisi tumebaki na ya chini tu, na kwa hiyo jengo linapoporomoka hatuna pa kushika ila 'paa'.

'Ghorofa' nalo lina kisa chake. Katika Kiarabu 'ghurfa' ni chumba, hasa chumba cha juu. Nyumba ya ghorofa, kwa hiyo, ni nyumba yenye vyumba juu ya vyumba vingine. Ndiyo maana mzee wa pwani atakushangaa ukimwambia kuwa nyumba isiyo na chochote juu yake ni 'nyumba ya ghorofa moja'. Kwake hiyo si ya ghorofa hata kidogo, ni nyumba ya chini. Magazeti yetu yamekuwa yakitafsiri hesabu ya Kiingereza bila kuuliza inaanzia wapi, na matokeo yake ni kuwa jengo lile lile huwa na ghorofa tano kwenye ukurasa wa kwanza na sita kwenye ukurasa wa tatu.

Boriti na vipande

Sakafu ya zamani ilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika misitu ya maji chumvi. Wakataji wa Lamu waliipanga miti hiyo kwa unene, na kila daraja ina jina: fito nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti, na nguzo iliyo nene zaidi. Kwa hiyo 'boriti' lilikuwa jina la kipimo sokoni kabla ya kuwa jina la kazi ndani ya nyumba.

Boriti iliamua umbo la chumba. Mti wa mkoko haubebi uzito wa mawe na chokaa ukivuka mwanya wa zaidi ya mita tatu hivi, basi vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja ni vyembamba na virefu, kama ushoroba. Mtu anayeingia mle kwa mara ya kwanza hudhani mjenzi alikosa kiwanja. Kiwanja kilikuwapo; kilichokosekana ni mti mrefu zaidi. Na si huku peke yake. Majahazi yalipeleka miti hiyo Uarabuni na Ghuba, ambako hakuna misitu ya kutosha, na vyumba vya nyumba za kale za huko navyo vilipimwa kwa urefu wa mkoko wa Afrika Mashariki. Biashara hiyo ilififia baada ya mafuta kuleta chuma na saruji Ghuba, na mnamo 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti ya mikoko nje ya nchi.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha humwagwa kokoto na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Hapo ndipo kazi huanza. Chokaa ile mbichi hupigwa kwa vipande, yaani vijiti vya mbao vya kupondea, siku baada ya siku, mpaka ishikamane na isiweze kupitisha maji. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa kupigilia. Leo tunapigilia misumari, na mwanafunzi akiulizwa asili ya kitenzi hicho atataja nyundo. Vipande vimesahauliwa.

Ukuta wa mawe nao ulikuwa na vitenzi vyake. Kutomea ni kujaza vijiwe na udongo au chokaa katika mianya. Kukandika ni kupaka udongo au chokaa juu ya ukuta. Fundi wa leo atasema 'kupiga plasta', na sina ugomvi naye, ila plasta ni moja ilhali kutomea na kukandika ni kazi mbili, na ukuta uliokandikwa bila kutomewa kwanza hupasuka.

Kutoka njiani hadi ndani

Anayetaka kuona jinsi jina la mahali linavyomfuata mtu aliyesimama, na aende Lamu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Makavazi ya Kitaifa yamehifadhi huko nyumba moja ya karne ya 18 ambayo mgeni huruhusiwa kuipita chumba kwa chumba. Wasomi kama James de Vere Allen na Usam Ghaidan waliandika mengi kuhusu nyumba hizo katika miaka ya 1970, na msamiati waliouhifadhi ni ule waliouzungumza wenyeji.

Mtu anayetoka kichochoroni hukutana kwanza na daka. Hiki ni kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta, chenye viti vya mawe pande zote mbili, na hapo ndipo hodi hupigwa. Mwenye nyumba akitaka kuzungumza biashara na mtu asiye wa karibu, daka latosha. Mlango ukifunguliwa, mgeni hajaiona nyumba bado, kwa kuwa huingia tekani, njia fupi yenye kona. Kona hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Mpita njia, hata mlango uwe wazi, haoni chochote ila ukuta.

Baada ya tekani huja kiwanda. Hapana, hapatengenezwi sabuni wala misumari hapo! Kiwanda cha nyumba ya Lamu ni uwazi usioezekwa, katikati ya kuta, panapoingia mwanga na hewa. Mwamu husema 'ndia' pale tunaposema 'njia', na 'ndaa' pale tunaposema 'njaa'. Kwa mlingano huo, kiwanda chake ni ndugu wa kiwanja chetu. Mwandishi asiyejua hili atakapokutana na masimulizi ya mwari aliyekuwa akisukwa nywele kiwandani, atashangaa sheria ya ajira ilikuwa wapi.

Kandokando ya kiwanda ipo sabule, ambayo Kiswahili sanifu huiita sebule. Hapa ndipo mgeni wa kiume alipokaribishwa, na akilala, alilala papo hapo, kwa sababu sabule ilikuwa na choo chake. Mgeni angeweza kukaa siku tatu asimwone mke wala binti wa mwenyeji. Leo sebule ni chumba cha televisheni ambapo familia nzima hukusanyika, mgeni na mwenyeji bega kwa bega. Neno ni lile lile, lakini lilivuka upande: zamani lilikuwa la mgeni, sasa ni la wenyeji.

Upande wa pili wa kiwanda ndiko iliko nyumba hasa. Kwanza msana wa tini, kisha msana wa yuu, vyumba viwili virefu vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. 'Tini' na 'yuu' ni 'chini' na 'juu' kwa Kiamu. Kila hatua ya kuingia ni hatua ya kupanda. Miguu ilimweleza mtu kwamba anakaribia mahali pa heshima kabla hajaambiwa kwa kinywa. Kisha huja chumba ambacho jina lake ni 'ndani', basi. Katika nyumba hizi 'ndani' ni nomino, jina la chumba mahususi cha mama wa nyumba. Nyuma yake kabisa ipo nyumba ya kati, chumba chenye giza ambamo wanawake walijifungulia na maiti waliandaliwa kwa mazishi. Pahali pa kuja duniani na pa kuondoka palikuwa pamoja, mbali kabisa na mlango.

Ukutani mwa ndani ndimo zilimo zidaka. Neno hili laonyesha ustadi wa lugha. Daka ni mwingilio mkubwa katika ukuta, ule wa mlangoni. Kidaka ni mwingilio mdogo, kijishimo cha kuwekea vitu, na Mwamu, ambaye huweka 'zi' pale sisi tunapoweka 'vi', huviita zidaka vikiwa vingi. Mafundi walipanga zidaka safu juu ya safu, wakazipamba kwa nakshi za chokaa, na humo zikawekwa sahani na bakuli za kaure zilizotoka mbali hadi China. Wapo watafiti wanaosema vyombo hivyo viliaminiwa kukinga nyumba na jicho baya. Wengine huona zaidi fahari ya mali. Katika chumba chembamba chenye mwanga hafifu, zidaka nyeupe pia hufanya ukuta uonekane kuwa mbali kuliko ulivyo.

Jiko halikuwa na nafasi huku chini. Lilipandishwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ili moshi na joto viende zao. Na baba alipooza binti, hakumpeleka mbali. Alimwongezea ghorofa, au akamjengea nyumba ng'ambo ya kichochoro na kuiunganisha na yake kwa wikio, chumba kilichovuka juu ya njia kama daraja. Wanawake walipita kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga kichochoro. Hadi leo mtembezi wa Lamu hupita chini ya mawikio hayo, na waelezaji wengi wa watalii huyaita 'daraja'. Daraja ni la kila mtu. Wikio lilikuwa la jamaa wa nyumba hizo.

Kwa nini maneno kama tekani na wikio hayamo vinywani mwetu? Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, lakini ulifanya nyumba ya Mwamu ionekane kuwa jambo la lahaja, ilhali ilikuwa na vyumba ambavyo havikuwa na jina jingine popote. Neno la lahaja lenye kisawe katika usanifu laweza kuachwa bila hasara kubwa. Lisilo na kisawe likiachwa, kitu chenyewe hubaki bila jina.

Mti apitao panya

Nyumba ya mawe ilikuwa ya wachache. Wengi wa pwani waliishi, na wangali wakiishi, katika nyumba ya miti, udongo na makuti, ambayo msamiati wake ni wa Kibantu zaidi. Ukuta wake wa fito na udongo huitwa kiambaza. Paa lake lina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, na ubavuni huwa na visusi. Sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta ni upenu. Hata makuti hayakuwa ya aina moja: ya viungo yalisukwa kwa kuezekea, na ya kumba, yaliyosukwa kuti zima, yalifaa ua. Mwenye kuezeka kwa makuti ya kumba alionekana kuwa amefilisika au ana haraka.

Miti ya paa ilitofautishwa pia. Makombamoyo ni ile inayoteremka kutoka juu na kufungiwa fito. Na mti uliolazwa juu kuvuka nguzo uliitwa mtambaapanya, kwa sababu ndio njia ya panya usiku. Ni nani asiyemsikia panya huyo akilisoma neno hilo?

Mtambaapanya hakufa. Amehamia uwanjani. Mtangazaji wa kandanda anapopaza sauti kwamba kombora limegonga mtambaa wa panya, anamaanisha mti wa juu wa lango, na msikilizaji wa Kakamega au Nyeri ambaye hajawahi kulala chini ya makuti humwelewa bila kusita. Kiunzi nacho, ambacho ni umbo la mbao la kushikilia kitu kama mlango au dirisha, kimetoka nyumbani kikaingia riadhani, na Mkenya yeyote anajua mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ukimwomba Mkenya huyo huyo akuonyeshe kiunzi cha mlango wake, atakuuliza unasema 'fremu'?

Maneno ya nyumba yana tabia hiyo ya kuhama. Baraza lilikuwa kikalio cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo si njiani wala si ndani, na wazee waliketi hapo wakaamua mambo. Sasa kuna Baraza la Mawaziri. Ukumbi umekuwa wa mikutano. Kitalu kilikuwa ukuta wa mawe wa kuzungushia uwanja wa nyumba. Leo ni mahali pa miche. Kizingiti, ambacho mtu alikiruka kila siku bila manung'uniko, magazeti yamekigeuza kuwa jina la kila aina ya kikwazo. Birika la kuhifadhia maji katika choo cha nyumba ya mawe, ambamo samaki wadogo waliwekwa wale viluwiluwi vya mbu, limebaki kuwa chombo cha chai. Na 'gereza', kwa maelezo yanayokubalika na wengi, latokana na neno la Kireno la kanisa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na jengo hilo hilo likatumiwa na Waingereza kama jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Tena yapo yaliyobadilika njiani kabla ya kutufikia. Kwa Mwarabu 'shubbak' ni dirisha. Kwetu shubaka ni kishimo cha ukutani au tundu dogo la kuchungulia. Kwake 'bawwaba' ni lango zima. Kwetu bawaba ni kile kipande cha chuma kinachoushikilia mlango ili ugeuke. Kwa hivyo simlaumu fundi anayesema 'hinji', 'bimu' au 'slabu'. Lugha yetu ilikopa sakafu, ikakopa dirisha kutoka Uajemi, na haikufa. Heri fundi asemaye 'slabu' na kujua anachokisema kuliko mwandishi anayeandika 'paa' kwa kuogopa kukopa.

Yanayohitajika mezani

Hata hivyo, jambo moja halifai kuachwa hivi hivi. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kanuni za ujenzi huandikwa kwa Kiingereza, michoro huandikwa kwa Kiingereza, na mhandisi husoma kwa Kiingereza. Anayefunga chuma na kuchanganya zege hupewa maagizo kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kubahatisha. Akiambiwa 'weka ile kitu ya juu ya mlango', ataweka ubao au chuma kadiri alivyoelewa. Jina lipo: kizingiti cha juu. Miti miwili inayosimama pembeni nayo ina jina, miimo, kutokana na kitenzi kile kile kilichotupa 'simama'. Nguzo ni ile inayosimama, boriti ni ile inayolala juu ya nguzo, iwe ya mkoko, ya chuma au ya zege, na sakafu ni ile inayolala juu ya boriti. Ukiyajua hayo matatu, waweza kumwuliza mwenye nyumba unayopanga swali lenye maana kuhusu ufa ulio juu ya kitanda chako. Ufa wa dari iliyopigwa kwa mbao ni jambo la kuziba. Ufa wa sakafu inayokufunika, hasa ukianzia pembeni mwa nguzo, ni jambo la kumwita mhandisi leo hii.

Kwenye meza ya uhariri, basi, pendekezo langu kwa wenzangu ni dogo. Tusiandike 'paa' mpaka tumeuliza kama kilichoanguka kilikuwa cha juu kabisa. Tuandike 'sakafu ya ghorofa ya tatu' hata kama maneno ni matano na nafasi ni finyu. Tuhesabu ghorofa kwa namna moja. Na tukienda Lamu kuripoti juu ya nyumba inayobomolewa au kuuzwa, tumwombe mwenyeji atutajie vyumba vyake kwa majina anayoyatumia, tuyachapishe hivyo hivyo, tukifafanua kwa sentensi moja pale panapohitajika. Mwenyeji wa Mkomani anayesema msana amesema jambo ambalo 'chumba' halisemi.

Kuhusu milango, ambayo watalii huipiga picha kuliko kitu kingine chochote, kuna majina ya kujaza makala nyingine: komeo, kitasa, tarabe, nakshi za juu na za miimoni. Mlango wa kale wa pwani huwa na mabawa mawili, la kulia likiitwa dume na la kushoto likiitwa jike, na katikati yao, pale yanapokutana, husimama ubao mmoja uliochongwa kwa ustadi, unaoficha mwanya ili anayesimama darakani asichungulie. Ubao huo ni mfaa. Watangazaji wa kandanda bado hawajauchukua.